Sura ya Kumi na Moja: Kona Kabla ya Lango

Siku tano zilikuwa zimepita tangu Malika arudi kutoka Uhispania, na Feruzi hakuwa amekuja hata kumpa mkono.

Wengine wote walikuja. Shangazi Leila alileta kuku wawili. Majirani walileta viti vyao wenyewe, wakakaa uani, wakamwambia aseme Kihispania kidogo. Akasema, nao wakapiga makofi kama watu wanaomtazama mtoto akisimama dede. Feruzi alituma ujumbe wa simu, maneno manne tu: "Karibu nyumbani. Jumapili tutafika."

Na sasa Jumapili hiyo ilikuwa imefika. Baada ya swala ya alasiri ukoo wa Feruzi ungeleta mali, yaani mahari, mbele ya ukoo wa Malika, jambo lililopangwa tangu kabla hajasafiri. Msichana anayeletewa mali hutulia ndani siku hiyo, asukwe nywele, apakwe mafuta. Malika alikuwa jikoni, anakata nyanya.

"Unazikata ama unazipiga?" akauliza mama yake, Mama Aziza.

"Mama, Feruzi hajakuya kuniona. Siku tano."

"Hata miye nimeona." Mama Aziza alifunika sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao. "Asipokuya leo, miye sitalia. Mutoto anavuka bahari, anakaa ku Ulaya miezi munane, anarudi ku baiskeli. Nilisema, hakuna mutu alinisikia. Bon. Lete hizo nyanya, zimeshakufa."

Malika alizipeleka. Alikuwa na sababu ya kuogopa, lakini alijiambia kwamba sababu hiyo imefungiwa ndani ya lugha ambayo hakuna mtu wa mtaa wao anayeielewa. Tuiseme hapa mapema, maana jambo la aibu likizungushwa halipungui uzito.

Feruzi alikuwa mtu wa toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Miaka minne ya chuo kikuu alimbeba Malika kila asubuhi kutoka mtaa wao wa Kabondo, bila kumtoza kitu, yeye amekaa upande upande kwenye mto wa sponji uliofungwa nyuma. Mto huo Feruzi aliushona kwa mkono wake, kitambaa chekundu chenye nyuzi za kuning'inia. Jua kali au mvua, saa kumi na mbili na nusu kengele ililia mlangoni. Na kila siku, walipobakiza kona moja kufika lango la chuo, Malika alisema, "Simama hapa, ninyooshe miguu." Miguu yake haikuwa na shida yoyote. Langoni kulikuwa na wanafunzi wenzake.

Halafu akapata nafasi katika programu ya kujifunza Kihispania huko Salamanca. Hukai bweni kule. Unakaa katika nyumba ya watu, unakula mezani kwao, unasaini karatasi kwamba hutasema lugha nyingine mpaka siku ya kurudi. Malika alijifunza haraka. Alijifunza kula chakula cha usiku saa nne, kubishana na mama mwenye nyumba juu ya chumvi, na kuota ndoto kwa lugha ya wenyewe.

Programu ile ilikuwa na desturi moja. Kila Jumamosi mwanafunzi mmoja alisimama ukumbini na picha kutoka kwao, akaieleza kwa dakika tano, akaulizwa maswali, na video ikawekwa kwenye ukurasa wao. Wiki ya kabla yake alisimama Falonne, msichana wa Kinshasa, na picha ya mchumba wake, daktari, ameegemea gari jeupe. Wiki iliyofuata Malika alionyesha picha ya siku aliyopata shahada: yeye juu ya toleka na joho lake jeusi, na Feruzi ameshika usukani, shati limelowa jasho, anacheka meno yote nje. Aliichagua kwa sababu aliipenda. Falonne akainua mkono, akauliza kwa kicheko kidogo, "Na huyo wa baiskeli, ni nani?"

Malika akajibu, "Es un trabajador de mi padre. No sé cómo se llama."

Ni mfanyakazi wa baba yangu. Sijui anaitwaje.

Basi. Kosa lilikuwa dogo kama tobo la mwiba kwenye tairi, nalo likaendelea kuvuja. Kwa kujivuna, video ilipotoka, yeye mwenyewe aliituma nyumbani: "Angalieni namna nasema sasa." Kwao waliitazama uani, wote pamoja, Feruzi katikati yao. Baba yake akamwandikia kwamba wote walipiga makofi.

Ilipofika saa tano Malika alimwambia mama yake kwamba anakwenda kutafuta ndimu. Akajifunika mtandio mpaka machoni na kutoka.

Karakana ya Feruzi ilikuwa kibanda cha mbao kando ya barabara, mipira ya ndani imening'inia kama matumbo ya mbuzi. Feruzi aliketi kwenye kigoda, mbele yake gurudumu lililopinda, analizungusha, anasikiliza, anakaza spoki moja, analegeza nyingine. Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa ile ile, yenye grisi kwenye mistari. Malika alisimama pale akaiangalia mikono hiyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Miezi minane alikuwa ameitamani.

"Feruzi."

Aliinua macho. Yalitua usoni mwake mara moja, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, kisha yakarudi kwenye gurudumu.

"Leo hautakiwi kutoka nyumbani," akasema.

"Na weye ulitakiwa kuya. Siku tano. Nilikosa nini?"

Feruzi akakaza spoki nyingine. Malika akaangalia pembeni, akaona toleka imeegemezwa ukutani. Nyuma palikuwa na chuma kitupu. Mto mwekundu ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, juu kabisa, karibu na bati.

"Mto ulitoa?"

"Nilitoa."

"Kwa nini?"

Feruzi akazungusha gurudumu. Lilikuwa linakwenda sawa sasa, lakini aliendelea kulitazama. Halafu akasema, polepole, kwa lafudhi ya Kabondo, lakini kila neno mahali pake:

"Porque no sé cómo se llama la señorita."

Kwa sababu sijui binti huyu anaitwaje.

Malika alishika nguzo ya kibanda. Pikipiki mbili zilipita barabarani, na hakuzisikia.

"Unasema Kihispania," akanong'ona.

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipopanda ndege. Kuna mutawa mumoja muzee ku misheni, ni mutu wa kule Uhispania. Baiskeli yake inakufa kila wiki. Nikamwambia, miye nitatengeneza, weye unifundishe. Kila siku ya ine, Alhamisi, saa kumi." Aliweka ufunguo wa spoki chini. "Nilifikiri, Malika atarudi na luga mupya mu kinywa, na hapa hakuna mutu wa kusema naye. Itamuozea. Donc nijifunze, tuwe babili. Nilitaka kukushangaza kwa uwanja wa ndege."

"Feruzi..."

"Ngoja. Umeniuliza, nikujibu. Ile video, tuliitazama kwenu. Mama yako aliita na majirani. Ulifika pale, ukasema lile neno, na batu wote wakapiga makofi. Miye pia nilipiga." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Siku ya ine nikapeleka simu kwa yule mutawa. Nilisikia vizuri, lakini nilitaka aniambie nimesikia vibaya. Akatazama mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimekula."

Alikuwa na lugha nne, na zote zilikuwa zimemkimbia. Alitamani Feruzi apige kelele, avunje kitu, ili naye apate pa kuanzia. Feruzi hakupiga kelele.

"Nisamehe," akasema mwishowe. "Nilipata haya. Falonne alikuwa na daktari wake, na gari, na batu walikuwa banacheka... Haikuwa kweli, unajua haikuwa kweli. Nisamehe, Feruzi."

"Ile kona pia ilikuwa ya Falonne?"

Malika alifunga macho.

"Unafikiri sikujua? Miaka mine mutu ananyoosha miguu pale pale." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Nilikuwa najiambia, iko mutoto, itapita. Nikifungua karakana, itapita. Akifika Ulaya akaona batu banapanda baiskeli na suti zao, itapita."

"Nimekuomba musamaha."

"Hapa. Mbele ya mipira. Lile neno ulisema mbele ya batu."

Akasimama, akapangusa mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Leo nitakuya. Sitamuaibisha papa yako, alinipokea miye wakati kila mutu alikataa. Baba yangu mudogo, Tonton Daudi, amevaa kofia yake tangu asubuhi. Tutakaa, watakuuliza swali lao. Sema haunijui. Itaisha vizuri, bila kelele, na haitakuwa ngumu kwako. Umeshajifunza."

Malika alirudi nyumbani bila ndimu.

*

Saa kumi wageni walifika kwa pikipiki sita, na Feruzi nyuma yao peke yake kwa baiskeli, ingawa Malika hakumwona akiingia, maana alikuwa chumbani na Shangazi Leila anamfunga kilemba.

"Unatetemeka," shangazi akasema. "Ni vizuri. Asiyetetemeka siku hii huwa ameshaolewa kwa siri."

"Shangazi, mutu akikosa kosa ambalo hakuna mutu analijua, isipokuwa yule aliyekosewa?"

Shangazi Leila alimgeuza amtazame. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini hapo aliyapunguza. "Mficha uchi hazai," akasema. "Sijui umefanya nini, na sitaki kujua. Twende, banakuita."

Ua ulikuwa umejaa. Chini ya turubai, upande mmoja walikaa watu wa Feruzi, na mbele yao vitenge, suti ya baba mkwe, mfuko wa chumvi, na mbuzi wawili waliokuwa wakila mkeka. Upande wa pili walikaa watu wa kwao: baba yake, Papa Zakaria, na kanzu yake ya Idi, Mama Aziza na uso wa mtu anayesubiri basi ambalo halitaki. Katikati alisimama Papa Aboubakar, kaka mkubwa wa baba yake, ambaye ndiye msemaji wa ukoo.

Feruzi alikaa nyuma ya baba yake mdogo, Tonton Daudi, aliyemlea tangu baba yake afariki. Shati lake jeupe lilipigwa pasi vizuri. Alikuwa anaangalia ardhi.

Desturi kwao ni hii: msichana huletwa mbele za watu, huulizwa kama anamjua mtu aliyeleta vitu, na hutakiwa ataje jina lake. Huulizwa mara tatu. Mara ya kwanza hunyamaza, kwa heshima. Mara ya pili hutabasamu. Mara ya tatu hutaja jina, na wanawake hupiga vigelegele, na mali hupokelewa. Asipotaja, vitu hubebwa vikarudi vilikotoka, na hakuna anayeuliza sababu.

"Malika, binti Zakaria," Papa Aboubakar akasema kwa sauti ya sherehe. "Hawa batu bamekuya na mali. Banasema kati yao kuna mutu unamujua. Tukule hii mali, ama tusikule? Huyu mutu unamujua? Jina lake nani?"

Malika alinyamaza.

Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Mtoto mwenye adabu, wakasema. Angalieni, Ulaya haikumharibu. Kila sifa ilimchoma mahali pake. Walidhani ni haya ya bibi-arusi, na yeye alijua ni aibu ya mtu aliyekana.

Akamtazama Feruzi. Alitaka macho yao yakutane mara moja tu. Feruzi alikuwa anaangalia kidole gumba cha mkono wake wa kushoto, akikisugua kama kuna grisi iliyobaki.

"Tunauliza mara ya pili," Papa Aboubakar akasema, tayari anatabasamu kwa niaba yake. "Malika, huyu mutu unamujua? Jina lake nani?"

"Papa, kabla ya kusema jina, niko na neno."

Tabasamu la Papa Aboubakar lilibaki pale pale, halijui liende wapi.

"Ile video niliyowatumia," Malika akasema. Sauti ilimkatika, akakohoa, akaanza tena. "Mulinipigia makofi. Iko pahali mule waliniuliza, huyu wa baiskeli ku picha ni nani. Munajua nilijibu nini? Nilisema ni mutumishi wa papa. Nilisema jina lake silijui."

Mbuzi mmoja alitafuna.

"Nilisema vile kwa sababu nilipata haya kwa ajili yake. Feruzi alikuwa amekaa hapa pamoja nanyi, na yeye anajua Kihispania. Alijifunza kwa sababu yangu. Alisikia yote, akapiga makofi, akanyamaza, ili musiaibike. Donc munaniuliza kama ninamujua. Nilimukana mbele ya batu, nasema mbele ya batu. Yeye hana kosa. Nimemaliza."

Papa Zakaria alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba imeandikwa kitu. "Ile video," akasema taratibu, "nimeionyesha soko nzima."

"Malika, ingia ndani," Mama Aziza akasema.

"Hapana, Mama."

"Ingia ndani, nimesema, batu bana..." Mama Aziza akaishia hapo. Malika hakuwa anamlaumu, wala hakuwa anamtazama, lakini huenda mama yule alisikia sauti yake mwenyewe ya miaka minne ikimrudia: mtu wa baiskeli, mtu wa baiskeli. Aliinamisha kichwa, akaanza kufuta mikono yake kwenye kitenge. Ilikuwa safi.

Tonton Daudi alisimama. Alikuwa mtu mfupi, na kofia yake mpya ilikuwa kubwa kidogo. "Zakaria, ndugu yangu, sina ugomvi na weye," akasema. "Lakini mutoto wa marehemu kaka yangu si mutumishi wa mutu. Vijana, shikeni hivi vitu."

Vijana wawili waliinama kuchukua vitenge.

"Tonton, kaa," Feruzi akasema.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza yeye kufungua kinywa. Watu wote wakageuka.

"Nikae wapi? Haukusikia?"

"Nilisikia kabla yenu wote. Miezi mibili sasa." Feruzi alisimama, akamtazama Papa Aboubakar. Bado hakumtazama Malika. "Papa, mumemuuliza mara mbili. Desturi inasema tatu. Inabaki moja."

Papa Aboubakar alimtazama Papa Zakaria. Papa Zakaria aliinua bega kidogo, kama mtu asiye na haki ya kusema lolote.

"Alors," Papa Aboubakar akasema. Sauti ya sherehe ilikuwa imekwisha, sasa aliuliza kweli, kama mtu asiyejua jibu. "Malika. Huyu mutu unamujua? Jina lake nani?"

Hapo Feruzi akainua macho. Malika aliyaona, na yalikuwa na machozi na yalikuwa yanamngoja, na akatamani ardhi ifunguke, maana kuangaliwa hivyo na mtu uliyemkosea ni kazi nzito kuliko kutukanwa. Hakukwepa.

"Feruzi," akasema. "Feruzi wa marehemu Ramazani. Fundi wa baiskeli, hapa Kabondo. Alinibeba miaka mine. Miye ndiye nilikuwa nashuka ku kona."

Mwanamke mmoja nyuma alianza kigelegele kwa mazoea, akakimeza katikati.

Papa Zakaria akasimama. "Siwezi kula mali ya mutu ambaye mutoto wangu alimukana," akasema. "Sitaweza kuimeza. Daudi, ndugu yangu, rudisheni vitu. Ijumaa tatu zipite. Kama mutoto wenu bado anataka, mukuye tena, na hiyo siku miye mwenyewe nitakuya kuwapokea barabarani."

Tonton Daudi aliwatazama mbuzi. "Mbuzi bameshakula mukeka wenu," akasema. "Tutaleta na mukeka."

Hakuna aliyecheka sana, lakini watu walianza kupumua.

*

Wageni husindikizwa. Malika alitoka na wengine mpaka mlango wa ua, nyuma kabisa, kilemba kimelegea. Hakutegemea chochote. Pikipiki zilikuwa zinawashwa, mbuzi wanabishana na watu waliowapakia. Baiskeli ya Feruzi iliegemea ukuta.

Mto mwekundu ulikuwa umefungwa nyuma yake. Nyuzi zilikuwa zimenyooshwa vizuri, na mpira ulioufunga ulikuwa mpya.

Malika alisimama akautazama. Yule mtu aliufunga kabla ya kuja. Kabla ya swali la kwanza, kabla hajajua Malika atasema nini, alipanda kwenye kigoda, akaushusha kutoka kwenye msumari, akaufunga. Aibu yote aliyoibeba siku ile haikufika nusu ya hii.

Feruzi alikuja, akashika usukani.

"Mama yako alimwambia kila mutu kwamba utafundisha," akasema. "Kesho unaanza?"

"Kesho. Ku kile kile chuo."

"Saa ngapi?"

"Saa moja." Malika alifuta uso kwa mtandio. "Feruzi, sistahili. Nitapanda pikipiki."

"Sijakusamehe," akasema, naye alikuwa mkweli. "Bado. Ijumaa tatu ni nyingi, ama ni kidogo, sijui. Nakuuliza tu swali la kazi. Kila abiria ananiambia." Akapiga kengele kidogo kwa kidole gumba, bila kusudi. "Utashukia wapi?"

Nyuma yao Mama Aziza alikuwa amesimama mlangoni, na majirani, na Shangazi Leila.

"Ku lango," Malika akasema, kwa sauti waliyoisikia wote. "Pale batu bote banasimama."

Feruzi akaitikia kwa kichwa mara moja, akasukuma baiskeli hatua mbili, akageuka.

"Saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Usichelewe."